Kabla Hujanunua Makochi ya Harusi, Soma Kisa cha Kiti Hiki cha Brazili

 

Hakuna wiki inayopita hatujaulizwa swali moja. Bi harusi anakuja dukani kupima mapazia, anakaa, anakunywa maji, kisha anatoa simu na kutuonyesha picha. "Dada, haya makochi mnayaonaje? Yataendana na pazia la rangi gani?" Na sisi miaka yote tumekuwa tukijibu rangi tu: maziwa, kijani cha chupa, dhahabu. Leo tunataka kujibu habari ya makochi yenyewe, ambayo tulikuwa tunaikwepa kwa kuwa si kazi yetu. Tutaanza mbali kidogo, kwa kisa ambacho tunaona haya kukisimulia. Lakini kina faida ndani yake, na mtu akijifunza kwa kosa la mwenziwe anakuwa amenusurika.

Kwa wageni wa hapa: sisi ni ndugu wawili, mkubwa na mdogo, tumbo moja. Tulimaliza skuli kidato cha nne, tukasomea ushonaji, tukafungua duka dogo la vyerehani vitatu na meza moja ya kukatia. Tunashona mapazia, foronya, mashuka, mito ya makochi na vitu vyote vya chumba cha maharusi. Kitambaa tunakijua. Mbao tulikuwa hatuzijui, na mtu asiyejua kitu ndiye mwepesi wa kukitia mkono.

Kiti kilipoletwa

Alikuja Bi mmoja wa makamo, mjane, aliyeishi Ureno miaka mingi na marehemu mumewe, kisha akarudi nyumbani na vyombo vyake. Alituletea kiti kimoja kwenye kigari cha mizigo. Kilikuwa cha chini, kipana, mbao zake nyeusi-hudhurungi kama kahawa iliyokolea, na ndani yake michirizi myeusi kama moshi. Mgongoni kimesukwa kwa henzerani. Mto wa kukalia umekwisha, sponji imekuwa unga.

Tukamwamkia, akaitika, akatuambia kiti kimetengenezwa Brazili zamani, wakati mumewe bado kijana. Akasema, "Wanangu, nataka mito tu. Wa kukalia na wa kuegemea. Mengine yaacheni."

Tulisikia. Lakini wallahi tulidhani anasema hivyo kwa ajili ya kupunguza bei.

Mito tuliishona vizuri, zipu upande wa nyuma, kona zimekaa. Siku moja kabla ya kurudisha tukakitazama kiti, tukaona mbao zimefifia. Mkono wa kulia umechujuka zaidi, una alama ya duara ya kikombe. Tukaambizana, tutamrudishiaje mtu mzima kiti kimechoka namna hii? Jirani yetu fundi milango alikuwa na vanishi imebaki kwenye kopo. Tukaiomba. Tukapaka mikono yote miwili na miguu ya mbele, mara mbili, bure, zawadi. Kikang'aa kama kioo. Tukapiga picha, tukaweka status, watu wakatutumia mioyo.

Bi alipokuja alikitazama kwa muda. Akaweka kiganja kwenye mkono wa kiti, akakiondoa haraka kama aliyegusa kitu cha moto. Hakupiga kelele. Aliomba maji, akakaa kwenye benchi letu, akanywa. Kisha akasema:

"Marehemu alikuwa akiweka mkono wake hapa kila jioni, miaka thelathini. Ile rangi iliyochujuka ilikuwa rangi ya mkono wake."

Sisi tukabaki tunatazamana. Tukasema samahani, Bi, nia yetu ilikuwa njema. Akajibu, "Nia yenu naijua. Lakini amana hairudishwi kwa nia, wanangu. Amana inarudishwa kama ilivyokuja."

Usiku ule hatukulala vizuri. Sisi tunaosimama kwenye swala na kuomba tuwe watu wa amana, tulipewa kiti tu, kikatushinda. Na kosa letu halikuwa kwenye vanishi peke yake. Tuliona kisichong'aa, tukadhani hakina thamani.

Mti wenyewe

Siku ya tatu tukaenda kwake na maandazi, tukaomba radhi upya. Alitupokea. Alitupa chai, akatoa faili lenye karatasi za kiti, akatueleza.

Mti ule unaitwa jacarandá. Msije mkadhani ni ule mjakaranda wa maua ya zambarau unaopandwa barabarani Nairobi na Arusha. Huo ni mti mwingine kabisa, jina tu limefanana. Jacarandá ya Brazili inaota kwenye msitu wa pwani ya Atlantiki, upande wa Bahia na mikoa ya jirani. Hukua polepole sana. Ukiikwangua hutoa harufu tamu kama waridi. Na hapa ndipo tuliposhtuka: ni ndugu wa mpingo wetu. Wataalamu wanaiweka jacarandá ile na mpingo kwenye ukoo mmoja, Dalbergia.

Kwa nini basi ana karatasi za kiti kama pasipoti? Kwa sababu mti umekatwa mpaka umekaribia kumalizika. Mwaka 1992 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliuweka kwenye daraja lake kali kabisa, ambalo biashara yake ya nje imezuiwa isipokuwa kwa ruhusa maalumu, kama vile kwa vitu vya zamani vyenye vyeti. Na mwaka 2017 ukoo mzima wa Dalbergia, na mpingo wetu ndani yake, ukawekwa chini ya uangalizi wa mkataba huo.

Kwa hiyo tulichokimwagia vanishi ya kopo ni kipande cha mti ambao hauwezi tena kukatwa ovyo ili tumlipe kingine.

Akatuambia na jingine, la kutufurahisha sisi washonaji. Hata jina la nchi ya Brazili limetokana na mti. Wareno walipofika huko miaka ya 1500 waliukuta mti, pau-brasil, ambao gogo lake hutoa rangi nyekundu ya kutilia nguo. Wakaukata na kuupeleka Ulaya shehena kwa shehena. Nchi nzima ikaitwa kwa jina la rangi ya kitambaa! Na Wareno hao hao walipita kwetu pia, wakatuachia maneno ambayo tunayatumia kila siku bila kufikiri. Meza ni neno lao. Leso ni neno lao.

Brazili nao walikuwa na makochi ya dhahabu

Tangu siku hiyo, usiku baada ya Isha na watoto wamelala, tukawa tunasoma kwenye simu. Neno la Kireno likitushinda tunamtumia Bi sauti, anatujibu. Tulichokikuta ni kama kusoma habari zetu wenyewe.

Zamani, matajiri wa Rio de Janeiro na São Paulo walitaka nyumba zao zifanane na za Ulaya. Viti vizito vya mtindo wa wafalme wa Ufaransa, vitambaa vinene, michongo, kwenye nchi ya joto na unyevu. Karakana kubwa zikifanya kazi ya kuiga. Katika moja ya karakana hizo alifanya kazi fundi mmoja, Joaquim Tenreiro, aliyezaliwa Ureno mwaka 1906, mtoto wa seremala na mjukuu wa seremala, akahamia Brazili mwaka 1928. Kwa miaka alitengeneza viti vya kuiga kwa mikono yake huku moyo wake haupo.

Mwaka 1942 akapata nafasi ya kutengeneza kiti chake mwenyewe, akakiita Leve, maana yake chepesi. Ndiyo ilikuwa hoja yake yote: nchi ya joto inataka samani nyepesi. Akapunguza mbao mpaka zikabaki nyembamba lakini imara, na kwenye viti vyake vingi akasuka henzerani mgongoni na kwenye kalio ili hewa ipite. Tuliposoma hapo tukamkumbuka marehemu bibi yetu. Alikuwa na viti vya henzerani barazani. Sisi wenyewe ndio tuliomwambia avitoe, ni vya kizamani, tumwekee sofa la manyoya. Manyoya, jamani, na joto hili la mwezi wa pili!

Kuna mwanamke pia, Lina Bo Bardi, msanifu majengo aliyezaliwa Roma mwaka 1914 na kuhamia Brazili mwaka 1946 baada ya vita. Alikuja na elimu yake ya Ulaya, lakini hakuwafundisha wenyeji namna ya kukaa. Aliwatazama wanavyokaa. Kwenye maboti ya mito ya kaskazini aliona abiria wamening'iniza bembea zao za kitambaa, mtu analala humo, anakaa humo, bembea inafuata mwili wake. Akachukua wazo hilo, akaning'iniza ngozi kwenye fremu ya miguu mitatu, kikawa kiti. Yaani kiti bora alikiona kwa abiria wa boti.

Halafu Sergio Rodrigues, mzaliwa wa Rio, 1927. Mwaka 1955 alifungua duka, akaliita Oca, jina la nyumba ya wenyeji wa asili wa Brazili. Rafiki yake mpiga picha alimwomba sofa la kujinyoosha studioni, na mwaka 1957 kikatoka kiti kinachoitwa Mole, yaani laini. Sisi washonaji hiki ndicho tulichokielewa zaidi. Fremu ni ya jacarandá, nene na ya mviringo. Juu yake mikanda ya ngozi imepita kama kamba za kitanda. Na juu ya mikanda umetupwa mto mkubwa wa ngozi unaomwagika mpaka kwenye mikono ya kiti. Hakuna kilichofichwa: mbao unaiona, mkanda unauona, mshono unauona. Mwanzoni wengi walikiona kikubwa mno na hakina adabu. Mwaka 1961 kikapata tuzo ya kwanza kwenye mashindano ya Cantù, Italia, huko huko kwa mafundi wa samani, na leo kimo kwenye majumba ya makumbusho.

Tulikitazama sana kwenye picha, tukacheka. Kama ni kiti cha wazee wetu kilichokwenda skuli.

Na Jorge Zalszupin, Myahudi aliyezaliwa Warsaw mwaka 1922, akaiona vita ikimpotezea jamaa zake, akafika Brazili mwaka 1949. Kwenye meza zake nyingi ameunganisha vipande vyembamba vya jacarandá kimoja kimoja, rangi hii na ile, kama sisi tunavyounga viraka vya vitambaa vilivyobaki tukapata shuka la mtoto. Kumbe kiraka si lazima kiwe cha umaskini.

Upande wa pili wa kisa

Lakini tusiwapambe watu hawa kupita kiasi. Viti hivi vizuri ndivyo pia vilivyoila jacarandá. Kila aliyekitaka kiti cha mbao ile nyeusi alikuwa anataka mti uliosimama miaka na miaka. Msitu wa pwani ukafyekwa kwa mbao, kwa mashamba, kwa mifugo, kwa miji.

Aliyeona uchungu wake ni José Zanine Caldas, mzaliwa wa Bahia mwaka 1919. Huyu tulimpenda kwa sababu hakuwa na shahada ya usanifu. Alijifunza kwa mikono, akaja kuheshimiwa na wenye shahada. Miaka ya 1970 alikuwa akiishi Nova Viçosa, kusini mwa Bahia, akiona magogo yameachwa yameungua baada ya msitu kufyekwa. Akayachukua, akayachonga kuwa viti na meza nzito, gogo zima unaliona. Akaziita samani za kushtaki. Yaani ukikalia kiti kile unakalia ushahidi.

Njia yake imefuatwa. Hugo França, huko huko Bahia, aliona mitumbwi ya watu wa Pataxó iliyochongwa kwa mti wa pequi, akaanza kutafuta magogo na mizizi ya pequi iliyoanguka au kuungua, akachonga viti humo bila kukata mti ulio hai. Ndugu wawili wa São Paulo, Fernando na Humberto Campana, mwaka 1991 walitengeneza kiti kwa vipande vya mbao chakavu vilivyopigiliwa misumari kimoja juu ya kingine, wakakiita Favela, jina la mitaa ya wanyonge ambako watu hujenga kwa wanachokipata. Na mwanamke, Etel Carmona, alianzisha kampuni yake mwaka 1993, anatengeneza kwa mbao zilizothibitishwa kuwa zimevunwa kwa utaratibu, na anatengeneza upya miundo ya mafundi wale wa zamani.

Sisi tuliposoma haya tulifikiri juu ya neno israfu. Tumezoea kulisikia kwenye chakula na maji ya udhu. Hatukuwahi kulifikiria kwenye kochi. Kumbe mti unaochukua umri wa mtu na mjukuu wake kukua, ukiukata ukatengeneza kitu cha kutupwa baada ya miaka mitatu, kama si israfu hiyo ni nini?

Tulivyokirekebisha kiti

Turudi kwa Bi. Tulimtafuta fundi seremala mtu mzima, hodari, wa kutengeneza vitanda vya kale Mji Mkongwe. Alikitazama kiti, akatutazama sisi, akatikisa kichwa. Hakutumia dawa ya kuchubua. Alichukua kigae cha kioo, akakikwangua kidogo kidogo, vanishi ikatoka kama magamba ya samaki. Kisha msasa laini kabisa, kisha nta. Kazi ya siku nne kwa mikono miwili ya kiti na miguu miwili. Alipofika kwenye mbao yenyewe, karakana ikanukia kama mtu kafungua chupa ya marashi. Tukasimama pale tunanusa, huku machozi yanatulenga.

Ujira wa fundi tulilipa sisi, na fedha ya mito hatukuichukua. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Ramadhani, kazi nyingi na fedha ya vitambaa inahitajika. Tuliumia. Lakini ilikuwa haki.

Kiti kilirudi, ila hakikurudi chote. Mkono wa kulia, pale palipokuwa na rangi ya marehemu, sasa pana rangi mpya, nyepesi kidogo. Bi aliweka kiganja chake pale. Akasema, "Basi, tutaanza tena." Akatusamehe, na mpaka leo anatuletea kazi. Lakini kila tukienda kwake tunaangalia ule mkono, na hatusemi kitu.

Harusi ya mdogo wetu

Miezi michache baadaye akachumbiwa mdogo wetu wa mwisho. Naye akaja na picha kwenye simu: seti ya viti saba, fremu ya dhahabu, vifungo vya vioo mgongoni, na meza yake. Bei ilikuwa mahari yake yote, na juu yake mkopo wa kulipa mwaka mzima.

Sisi seti hiyo tunaijua. Mmoja wetu aliolewa nayo. Ndani ni chipbodi. Mwaka wa kwanza inameta. Mwaka wa pili ngozi ya bandia inaanza kubanduka kwenye kichwa na kwenye mikono. Mwaka wa tatu miguu imevimba kwa maji ya kudeki, ukimkalisha mgeni unaomba kimoyomoyo isivunjike. Tulimaliza kulipa deni, na kochi lilikuwa limeshatolewa nje.

Tulimweleza mdogo wetu. Akalia. Akasema, "Nyie mmeshaolewa, mmeshapigwa picha zenu. Mimi nikae juu ya nini watu wakija?" Mama naye akakaa upande wake, akasema wakwe wataonaje. Tusidanganyane, dada zetu, hilo ndilo jambo zito. Kochi hatulinunui kwa ajili ya migongo yetu, tunalinunua kwa ajili ya macho ya watu. Na hiyo ina jina lake kwenye dini yetu, mnalijua.

Hatukumlazimisha, maana mahari ni haki yake mwenyewe, si yetu wala si ya Mama. Tulimchukua tu kwa Bi. Akamkalisha kwenye kile kiti, akamletea juisi ya ukwaju, akamwacha. Alikaa saa nzima akizungumza, mkono wake umetulia pale kwenye mbao. Wakati wa kuondoka akauliza, "Hiki kina miaka mingapi?" Bi akajibu, "Kimekupita wewe mara mbili na zaidi."

Hakuna muujiza uliotokea usiku ule. Baada ya wiki alikuja dukani akasema anataka viti viwili tu, na kitanda kizuri, na fedha itakayobaki anunue cherehani yake. Fundi yule yule akamtengenezea viti viwili vya mninga, vya chini, vyepesi, mgongo wa henzerani, kalio la mikanda. Mito tukashona sisi, pamba nzito, rangi ya udongo. Sehemu iliyobaki ya ukumbi ikawekwa busati na mito ya kuegemea, kama walivyokaa wazee. Siku ya kwenda kutazama vyombo, wapo walionong'ona. Mama aliona haya, hatusemi uongo. Lakini mwaka umepita, viti vipo, deni hakuna, na cherehani inamwingizia fedha. Wa kwanza kuvikalia akienda kumtembelea ni Mama.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa fedha

1. Kigeuze kiti juu chini. Muuzaji akikataa, ondoka. Uzuri wa kiti uko pale ambapo hapapigwi picha: viungo vimeingiana au vimepigiliwa pini tu?

2. Uliza ni mbao gani. Mninga, mvule, mkangazi, msaji? Asiyejua anachouza anauza rangi. Na uliza imetoka wapi, na ina kibali.

3. Tazama miguu. Sisi tunadeki kwa maji. Chipbodi na maji haviishi nyumba moja.

4. Kitambaa kiwe cha kuvuliwa, kwa zipu au vifungo. Nyumba ya joto, watoto na mafuta ya nazi inataka foronya ya kufuliwa, si kitambaa kilichogundishwa.

5. Kaa kwa muda, si dakika moja. Mgongo ukilowa jasho dukani, nyumbani utalowa zaidi.

6. Kichache kizuri si aibu. Anza na viti viwili vya kweli, vingine vitakuja kwa wakati wake.

7. Na ukipewa kitu cha zamani na bibi au shangazi, usikimbilie kukipaka rangi. Kifute vumbi, kitie nta, uliza kwanza habari zake. Hili sisi tumelijifunza kwa gharama.

Hatusemi mkanunue viti vya Brazili. Bei ya Mole moja ya zamani hatutaki hata kuitaja kwenye kikao cha wanawake wenye heshima zao. Wale mafundi walitazama joto lao, miti yao, bembea zao na namna watu wao wanavyokaa, wakaacha kuona haya navyo. Na sisi tuna joto, tuna mafundi, tuna henzerani, tuna mkeka na mto. Kilichobaki ni kuacha kuona haya.

Tunamwomba Allah awajaalie maharusi wetu nyumba zenye utulivu kabla ya nyumba zenye kung'aa, awape waume wema na vyombo vyenye baraka. Na atusamehe sisi kwa ule mkono wa kiti. Amin.

Tuambieni, dada zetu: nyumbani kwenu kuna kiti gani cha zamani, na nani alikuwa akikikalia?